Nyanya Nzuri

Miaka thelathini na moja nilishika kalamu nyekundu
shuleni, juu ya Mbale, pale mawe yanapokaa kama wazee wa baraza,
nikikata "kiti mkubwa", nikikata "embe mtamu",
nikimwambia Asava, mwana wa fundi baiskeli:
nomino ndiyo mwenye nyumba, kivumishi ni mgeni,
na mgeni huvaa anavyovishwa mlangoni.
Asava akauliza, "Na akija na nguo zake?"
Nikamwambia akae chini. Swali lilikuwa zuri.

Sasa Asava ni mimi.
Kageha aliolewa Haugesund, mji wa mvua isiyo na radi,
akanitumia kitabu chenye picha ya mlima,
nami kila Jumapili saa kumi, bando likiruhusu,
najaribu kuongea na mjukuu.

Ngeli tatu tu! Nilicheka peke yangu jikoni,
mimi niliyelea A-WA, KI-VI, LI-YA na ndugu zao wote.
En, ei, et. Nikasema hii ni kazi ya kabla ya chai.

Jiwe kubwa: en stor stein.
Ng'ombe jike mkubwa: ei stor ku.
Mti mkubwa: et stort tre, na hapo ile t mwishoni,
kama mkia wa mbuzi, mfupi lakini upo.
Sisi mgeni twamvisha kofia, wao wamvisha viatu.
Na wakiwa wengi, mawe, ng'ombe, miti, wote ni store,
wamechanganyika kama darasa lililosikia kengele.

Kisha nikakutana na "dogo" lao. Yesu wangu.
Liten kwa mvulana, lita kwa msichana, lite kwa mti,
wengi wao ni små, neno ambalo hata halifanani na mama yake,
na ukimtaja yule mnayemjua nyote, basi ni lille.
Kineno kifupi hivyo, nguo nyingi kuliko bibi harusi!
Halafu wapo wakaidi: billig haivai t hata uipigie magoti.
Nikakumbuka rahisi yetu, na ghali, na safi,
waliotoka mbali wakaingia na nguo zao.
Asava, popote ulipo: ndiyo.

Lililonikwaza ni mtoto.
Et barn. Et lite barn.
Wamemlaza nyumba moja na meza, na mti, na yai.
Kwetu hata kijana, hata kipofu, hata kifaranga,
wakibisha hodi na KI yao mlangoni,
tunawaambia: una pumzi wewe, pita huku kwa A-WA.
Nilifunga kitabu siku mbili.
Nilichambua mrenda kwa hasira.

Jumapili uso wake ukajaa kwenye simu, meno mawili hayapo.
Nikasafisha koo. "Mmbone, du er et lite barn."
"Nei!" akasema. "Stor jente!"
Msichana mkubwa. Ana miaka sita.
Amejitoa mwenyewe kwenye nyumba ya mayai, hakuomba ruhusa.
Kisha, kwa Kiswahili alichokariri juma zima na mamake,
polepole, kama anayebeba kikombe kilichojaa:
"Nyanya... nzuri."

Kalamu nyekundu ikaamka mkononi.
Nyanya mzuri, mwanangu! Mzuri! Mimi nina pumzi.
Nyanya nzuri ni ya fungu la Chavakali,
shilingi hamsini, na ya chini kabisa imepondeka.
Lakini mtandao ulikuwa umemgandisha,
mdomo ungali kwenye ile "nz",
na Kageha nyuma yake, kidole midomoni.

Nikaacha.
Yeye yai, mimi nyanya.
Jioni nilikaanga vyote viwili.
Chumvi nilisahau.